Furu, Kamongo na Mshipa wa Twiga: Rekodi za Mageuko

Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza anaishi samaki mdogo anayeenea kwenye kiganja cha mkono na nafasi ikabaki. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi iliyosimama kama ya punda milia. Wanasayansi walipomwandika rasmi kwa mara ya kwanza ilikuwa 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, nao wakampa jina la nyererei. Mwaka 1998 jenasi yake nayo ikapewa jina la Kiswahili kitupu. Basi mtu yeyote duniani, awe Tokyo au Toronto, akitaka kumtaja samaki huyu kwa jina lake la kitaalamu hana budi kutamka Kiswahili: Pundamilia nyererei.

Kwa mvuvi wa Mwanza yeye ni furu tu. Tuliokulia kando ya ziwa tuliwaita wote furu, wa rangi zote na wa midomo ya kila namna, tukawakaanga pamoja na kuwatafuna na miiba yao. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya kikaango mlikuwa na mabingwa wa dunia.

Nasema mabingwa nikijua kwamba neno hilo lina mtego. Sote tumeiona ile picha ya nyani anayenyanyuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa bwana aliyesimama wima, mkuki mkononi. Picha hiyo imewaharibu watu wengi kuliko ilivyowafundisha. Inawafanya wadhani mageuko ya viumbe ni ngazi, na kwamba binadamu yuko kipago cha juu kabisa akisubiri kuvishwa medali. Katika orodha hii ya rekodi za mageuko binadamu anapata vikombe vichache, na kimojawapo ni ugonjwa.

Mbio za furu

Ziwa Victoria ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini si lenye kina. Penye kina kirefu kabisa ni mita kama 80 tu, na ukame mkali ukidumu linaweza kukauka kama sahani iliyoachwa juani. Ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1990 watafiti walizamisha mabomba kwenye tope la chini ya ziwa, wakatoa nguzo za mashapo, na chini ya tope hilo wakakuta udongo wa nchi kavu wenye mabaki ya mizizi. Palikuwa mbuga hapo. Maji yalirudi miaka ipatayo 15,000 iliyopita.

Leo ziwa hilohilo lina aina za furu zinazokadiriwa kuwa 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe na wanaovunja konokono kwa meno ya kooni. Kuna wanaokula wadudu, na wanaokula furu wenzao. Wapo hata wanaomvizia mama anayeatamia mayai mdomoni, wakamlazimisha ayateme, wakayameza wao. Ukoo mmoja umefanya yote hayo ndani ya muda ambao kwa kipimo cha jiolojia ni kama kupepesa macho. Hakuna wanyama wengine wenye uti wa mgongo wanaojulikana kuzaa spishi nyingi namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo.

Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka, nalo lina spishi za samaki wa ukoo huo kama 240 hivi. Umri si hoja, basi. Furu walipata nini ambacho wengine hawakupata?

Jibu la kwanza lina urefu wa sentensi moja, na ndilo lililosomwa London tarehe 1 Julai 1858 kwa niaba ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace: wazaliwa hawafanani kabisa, baadhi ya tofauti zao hurithiwa, na yule ambaye tofauti yake inamfaa mahali alipo huacha watoto wengi kuliko wenzake. Wenyewe tunaita uteuzi asilia. Hakuna anayeteua, lakini mwisho wa siku uteuzi umefanyika.

Jibu la pili liko kwenye mwanga. Maji ya ziwa yana uvurugu kidogo, na uvurugu huo hunyonya mwanga wa buluu mapema. Ukishuka mita chache, kinachobaki ni wekundu. Kwenye visiwa vyenye maji angavu, kama Makobe, furu wa buluu wanakaa juu na nyererei mwekundu anakaa chini zaidi. Macho ya majike nayo yametofautiana kijeni: wa juu wanaona vizuri buluu, wa chini wanaona vizuri nyekundu, na kila jike humwendea dume analoliona likimeremeta. Baada ya vizazi vya kutosha waliokuwa kabila moja wamekuwa mawili, hawaoani tena, na wala hapakuwa na mlima wala mto wa kuwatenga. Kina cha maji kilitosha.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha pia upande wa pili wa jambo hili, nao ndio unaonishawishi kuliko yote. Mahali ambapo maji yamechafuka kwa mmomonyoko wa mashamba na taka za mijini, rangi hazionekani sawasawa, majike hawatofautishi madume, na aina mbili zinarudi kuwa moja yenye rangi ya kijivu isiyo na jina. Mageuko yanarudi kinyumenyume mbele ya macho ya mtafiti mwenye mtumbwi na wavu.

Mwaka 2017 jeni zao zikatoa siri nyingine. Babu wa furu hawa hakuwa mmoja. Zilikuwa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili ya juu, zilizokutana na kuchanganya damu miaka ipatayo 150,000 iliyopita. Wajukuu wao walipoliingia ziwa jipya tayari walikuwa na ghala la tofauti za kuchagulia.

Rekodi ya kuumbika ilifuatwa na rekodi ya kuangamia. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikawa haba mno. Watafiti wa Kiholanzi na Kitanzania waliokuwa wakiwahesabu furu pale Mwanza tangu 1977 walishuhudia kundi walilolijia likiyeyuka kabla hawajamaliza kulipa majina.

Tembo wa Gorongosa

Kwa mnyama mkubwa anayezaa taratibu, nampa tembo wa Gorongosa, Msumbiji, kombe la kasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kutoka 1977 hadi 1992. Pande zote zilichinja tembo kwa ajili ya pembe na nyama, na zaidi ya asilimia 90 wakaisha. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5. Baadaye wakafika karibu asilimia 51. Na kati ya majike waliozaliwa baada ya bunduki kunyamaza, theluthi moja hawana pembe, ingawa hakuna tena anayewinda kwa kiasi kile.

Hapa ndipo watu hukosea. Tembo hawakuamua kuacha pembe, wala mama aliyekatwa pembe hazai mtoto asiye nazo, kama vile baba aliyekatwa mguu hazai kiwete. Wasio na pembe walikuwepo tangu zamani, wachache. Risasi iliwaruka wao ikawaua wenzao, nao wakabaki kuzaa.

Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwa nini karibu wote ni majike. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya X. Jike lina mbili, kwa hiyo nakala nzuri humwokoa. Dume lina moja tu, na likirithi iliyobadilika halizaliwi kabisa. Kila mama asiye na pembe analipa kwa nusu ya watoto wake wa kiume. Ukitaka kujua kama uteuzi asilia una huruma au busara, mwulize yeye. Unatazama nani alizaa leo, basi.

Chupa kumi na mbili

Tarehe 24 Februari 1988 Richard Lenski, katika chuo kikuu cha jimbo la Michigan, alitia bakteria wa aina moja kwenye chupa 12 zenye maji na sukari kidogo. Kesho yake akachukua sehemu moja ya mia kutoka kila chupa, akaitia kwenye maji mapya. Keshokutwa tena. Hadi leo kazi hiyo inaendelea, na vizazi vimepita 75,000. Kwa binadamu, tukihesabu kizazi kimoja miaka 25, huo ungekuwa muda wa karibu miaka milioni 1.9. Kila baada ya vizazi 500 sampuli hugandishwa kwenye barafu, hai bado, ili babu aweze kufufuliwa na kushindanishwa na mjukuu wake. Mjukuu hushinda karibu kila mara.

Kwenye maji yale mlikuwa pia na sitreti, kemikali iliyomo kwenye ndimu, ambayo bakteria hawa hawaijui kama chakula panapokuwa na oksijeni. Chupa 11 ziliendelea kuiacha. Moja, karibu na kizazi cha 31,500, ikajaa ukungu mzito asubuhi moja: waliokuwa humo walikuwa wamejifunza kula sitreti. Wakafufua mababu wa chupa hiyo kutoka kwenye barafu, wakarudia mbio. Waliotoka vizazi vya mwanzo hawakuweza. Waliotoka vizazi vya karibu na tukio waliweza tena, mara chache. Palikuwa na badiliko la awali, lisilowawezesha kula sitreti wakati ule, lililofungua mlango kwa badiliko la baadaye.

Mzunguko mrefu kuliko yote

Ukiondoa kimo, twiga ana rekodi nyingine isiyopigwa picha na watalii. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Kwa twiga zoloto iko juu kabisa ya shingo, hatua ndogo kutoka kichwani. Lakini mshipa wa upande wa kushoto haukati njia. Unashuka shingo nzima, unaingia kifuani, unapita chini ya ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, kisha unapanda shingo nzima tena. Safari ya zaidi ya mita 4 kwa kazi ya sentimita chache.

Fundi umeme akikuunganishia taa ya sebuleni kwa waya uliopitia kwa jirani, utamdai fedha zako. Lakini mageuko si fundi anayeanza na nyumba tupu. Babu wa twiga, na wako, alikuwa samaki. Kwa samaki mshipa ule ulikwenda moja kwa moja kwenye matamvua, ukipita nyuma ya mshipa wa damu uliokuwa jirani yake. Shingo ilipoanza kuota kati ya kichwa na moyo, mshipa wa damu ukavutwa chini, na wa fahamu ukanaswa nyuma yake kama kamba iliyopita chini ya tawi. Kila kizazi kiliurefusha kidogo, kwa sababu kuurefusha kidogo ni rahisi kuliko kuukata na kuanza upya. Nawe unao, ukizunguka kifuani mwako, ndiyo maana uvimbe wa kifuani wakati mwingine humkausha mtu sauti.

Twiga mwenyewe huenda ni mtoto mdogo katika mashindano haya. Kati ya 1909 na 1913, kwenye kilima cha Tendaguru huko Lindi, wapagazi na wachimbaji wa Kiafrika chini ya Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria na kuibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mkubwa wao, Giraffatitan, anasimama leo Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27, mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa kwenye makumbusho yoyote duniani. Ndege na mamba, jamaa wa dinosaria walio hai, wana mzunguko uleule wa mshipa. Kama naye alikuwa nao, na hakuna sababu ya kufikiri vinginevyo, basi twiga ameachwa mbali.

Ndugu wa ajabu kwenye sinia

Nikitakiwa kumvisha mtu taji la ndugu asiyetambulika, nitamvisha kamongo. Yule wa matopeni, mrefu kama nyoka, anayejichimbia ardhini kiangazi, akajifunika kifuko cha ute na kupumua kwa mapafu hadi mvua irudi. Mwekee kando yake sato mbichi, uulize watu sokoni: kamongo ana udugu wa karibu zaidi na nani, na sato au na wewe? Wote watacheka. Jibu ni wewe. Babu wa mwisho aliyewazaa kamongo na binadamu aliishi baada ya tawi la sato kuwa limeshajitenga. Mapezi ya kamongo yamejengwa kuzunguka mhimili mmoja wa kati, kama mkono wako ulivyoanza kwa mfupa mmoja begani. Jamii yake ndiyo iliyo karibu zaidi na wote wenye miguu minne, kuanzia chura hadi mjomba wako.

Ana rekodi ya pili. Mwaka 2024 ulisomwa mpangilio wa DNA ya binamu yake wa Amerika Kusini, ukakutwa na herufi bilioni 91, mara 30 zaidi ya za binadamu. Hakuna mnyama aliyewahi kusomwa akakutwa na kitabu kinene hivyo. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili ovyo, kurasa zilezile kurudiwa mara elfu. Anayepima ubora wa kiumbe kwa unene wa DNA yake amwachie kamongo kiti.

Kwa kuwa tumefika kwa samaki wenye viungo, silikanti hawezi kurukwa. Alidhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho mdogo wa East London, Afrika Kusini, alipoliona pezi la buluu likichomoza kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Wa pili alipatikana Komoro 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua zamani kwa jina la gombessa na kumdharau kwa sababu nyama yake haifai. Tangu 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za kina kirefu, hasa Tanga, na mwaka 2009 kukatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Magazeti humwita kisukuku kilicho hai. Jina zuri, lakini linapotosha: jeni zake zinabadilika taratibu kuliko zetu, hazikusimama, na samaki wa leo si yule wa kwenye mawe. Hata hivyo kwa mwendo wa polepole anastahili kombe, kwani anaishi karibu miaka 100.

Utabiri uliosubiri

Januari 1862 Darwin aliletewa okidi nyeupe ya Madagaska ambayo nekta yake iko chini ya mrija wa karibu sentimita 30. Akasema lazima kuwe na nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Watu walimcheka. Alikufa 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 nondo huyo akaandikwa rasmi, jina lake la Kilatini likimaanisha aliyetabiriwa, na ikachukua hadi 1992 kumwona hasa akinyonya ua hilo usiku. Ulimi mrefu kuliko wote uliopimwa kwa wadudu ni wake, sentimita 28.5.

Kosa la kunakili lililozeeka

Wanaohariri tenzi za kale hujua kwamba nakala mbili zenye kosa moja la ajabu, mahali pamoja, zimetoka kwenye mswada mmoja. Usahihi haukuambii kitu, kwani yeyote anaweza kupatia. Kosa ndilo linalosema.

Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Wewe huwezi, ndiyo maana unaambiwa ule machungwa na mapera. Jeni ya kazi hiyo unayo, lakini imeharibika, na imeharibika kwa namna ileile kwa binadamu, sokwe, nyani na tumbili. Simbilisi naye ameipoteza, ila yake imevunjika mahali pengine, kwa ajali yake mwenyewe. Na komba, yule anayelia usiku kama mtoto kwenye minazi, yake inafanya kazi hadi leo, kwa sababu ukoo wake uliachana na wetu kabla ya kosa kutokea. Miaka inayokaribia milioni 60 tumekuwa tukinakili kosa hilo kutoka kwa mzazi hadi mtoto.

Vikombe vya binadamu

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo mwanafunzi wa udaktari huko Oxford, alirudi nchini kuchukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua kwamba chembechembe za selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako katika baadhi ya jamii zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walikuwa nazo, na ni adimu kwenye nyanda za juu na sehemu kame. Ukiichora ramani hiyo umechora ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Ulikuwa mfano wa kwanza uliothibitika wa uteuzi asilia kwa binadamu, na hadi sasa sijui ulio wazi zaidi.

Yote hayo ni herufi moja iliyobadilika. Mwenye nakala moja analindwa, mwenye mbili anaugua, na wazazi wawili wenye moja moja wanarusha karata kila mimba. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Mzazi anayekesha wodini na mtoto mwenye maumivu ya mifupa analipa deni la kinga iliyowaokoa mababu wasiohesabika. Sijui neno la kumwambia, lakini laana si neno lenyewe.

Kikombe cha pili ni chepesi zaidi. Mamalia akishaachishwa ziwa huacha kumeng'enya sukari ya maziwa, na binadamu wengi duniani wako hivyo. Wafugaji wengi hawako hivyo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwa wamepima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa Afrika Mashariki umetokana na mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Ulaya, na kwamba lililo kuu lina umri wa miaka isiyozidi elfu 7 hivi. Ng'ombe walifika, kibuyu kikajaa, jeni ikafuata. Mmasai na Mholanzi wanakunywa glasi ileile, kila mmoja kwa ufunguo wake.

Hatua za kale

Mwaka 1976 watafiti kwenye kambi ya mwanaakiolojia Mary Leakey, huko Laetoli kaskazini mwa Tanzania, walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kama watoto. Mmoja wao, Andrew Hill, akainama kukwepa, akaanguka, na usoni pake ardhini akaona vishimo vya matone ya mvua na nyayo za wanyama zilizogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye, hapohapo jirani, zikaonekana nyayo za watu. Au tuseme za zamadamu.

Volkano ilikuwa imemwaga jivu jembamba, mvua nyepesi ikalilowesha, nalo jivu la aina hiyo likilowa na kukauka huwa kama saruji. Kabla halijakauka walipita juu yake, kwenye mstari wa mita 27 hivi. Jivu likaanguka tena, likafunika. Umri wake ni miaka milioni 3.66, na hakuna nyayo nyingine za zamadamu zilizothibitika ambazo ni za zamani hivyo. Kidole gumba kimelala sambamba na vingine, kisigino kimegusa kwanza. Ni mwendo wako wa kwenda sokoni. Ubongo, hata hivyo, kwa mafuvu ya jamaa hao yaliyopatikana, ulikuwa kama theluthi ya wako. Na zana za mawe za zamani kuliko zote zinazojulikana, zile za Lomekwi kando ya Ziwa Turkana, ni za miaka milioni 3.3. Miguu ilitangulia, mikono ikafuata, kichwa kikaja mwisho kabisa, na ile picha ya nyani anayenyanyuka iliyompa mzee wetu uso wa fikra kabla hajanyooka mgongo ilikuwa imeanzia upande usio wenyewe.

Mwaka 2015 timu ya Watanzania ilipata nyayo nyingine mita 150 kutoka zile za kwanza, zikiwemo za mtu mmoja mkubwa, kimo chake kikikadiriwa sentimita 165. Zile za 1978 huwezi kuziona ukifika Laetoli leo. Zilifukiwa mara ya kwanza, mbegu za migunga zikaingia na udongo, mizizi ikaanza kuzitafuta nyayo. Katika miaka ya 1990 ikabidi miti ing'olewe kwa uangalifu na nyayo zifunikwe upya kwa tabaka za mchanga na mawe. Kwenye makumbusho ya Oldupai ipo nakala yake. Inama uitazame vizuri. Kuna nyayo ndogo upande mmoja, na kubwa upande wa pili, lakini hizo kubwa zina kingo mbili. Ni za watu wawili: wa nyuma alikuwa akikanyaga palepale alipokanyaga wa mbele.